Nijitolee Msalaba Mwekundu au nikachume karafuu?

Kijana wa Wete: Assalaam aleikum wakubwa. Nimemaliza diploma, kazi bado. Tawi la Msalaba Mwekundu huku kwetu Pemba linaandikisha vijana wa kujitolea. Mtu anafunzwa huduma ya kwanza, halafu yakija mafuriko ya masika au kikizuka kipindupindu anaitwa. Mie roho inataka. Mama anasema, "Kazi ya bure utaila?" Mafunzo yenyewe yameangukia msimu wa karafuu, na karafuu ndiyo inayotuvusha mwaka. Rafiki yangu anasema nivumilie tu, mbele kuna ajira. Nishaurini.

Mtoto wa Michenzani: Posho ikiwepo ni nauli na chai. Ukiipigia hesabu ya mshahara mtagombana mapema. Kachume karafuu.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo: Waalaykum salaam mwanangu. La ajira lisikupeleke. Wapo walioipata, wengi hawakuipata. Jiulize jengine: mdomo unaweza kuufunga? Kipindupindu kikizuka utapita nyumba kwa nyumba, utafunguliwa vyoo, utaona mtungi haukufunikwa, utajua nani anaharisha. Likisikika barazani jioni, nyumba ile haikufungulii tena, wala hatafunguliwa mwenzako.

Halafu ile misingi 7 ya Msalaba Mwekundu, iliyopitishwa Vienna mwaka 1965, watu huikariri tu. Kwetu sisi ngumu ni kutoegemea upande. Kama wewe ndiye kinara wa maskani, zile baraza za vijana wa vyama (Wete nayajua), fikiri vizuri. Siku ya mafuriko, wa chama kile watakukumbuka ulivyowatukana mtandaoni.

Karafuu nayo haingoji. Waambie tawini kwamba msimu huu huwezi, wakuandike mkupuo ujao.

Baharia Mstaafu: Mie nilikuwepo viwanja vya Maisara Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba. Nilidhani nitabeba machela. Nikapewa daftari. Jamaa za abiria wamepanga foleni, nami nauliza: jina, umri, alivaa nini. Mama mmoja alinieleza kanga ya binti yake, pindo lake, rangi yake, maua yake, nami naandika. Kazi nyingi ndiyo hiyo, kuandika na kungoja. Baadaye usingizi ulinihama mpaka nikapata mtu wa kuzungumza naye. Basi waulize: baada ya tukio, nani huwaangalia vijana wao?

Mtoto wa Michenzani: Hapo kweli mzee. Hilo hakuna anayeliuliza.

Kijana wa Wete: Ahsanteni sana. Mama kasoma yote. Ya maskani kacheka, ananijua. Karafuu kwanza, tumekubaliana. Anauliza yeye: nikiumia kazini nani atanitibu?

Baharia Mstaafu: Kakushinda kwa maswali. Shirikisho lao la kimataifa lina mpango wa bima ya ajali kwa wanaojitolea, lakini mpaka chama cha nchi kikuandikishe. Ulizia tawini kama jina lako litaingizwa, kabla hujavaa kizibao chao.