Mnaniita mama wa harakati halafu mnanituma nikamnyamazishe mtoto wa watu

Makomredi naandika hii nikiwa na hasira na sitaki mtu aje kuniambia nipoe. Nimepoa tangu Juni 2024, imetosha.

Mi ni wa welfea, kuangalia hali ya watu wetu, kwa kikundi chetu cha maandamano hapa Nairobi. Kazi yangu ni simu. Ile 25 Juni watu wakiingia Bunge mi nilikuwa nimekaa sakafuni kwa chumba cha rafiki yangu na daftari na chaja mbili, naandika nani kapigwa risasi, nani kashikwa, yuko kituo gani, nani hajulikani aliko. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi ule mswada wa fedha tuliokuwa tunaupinga, watu wakashangilia mtaani, mi bado nina majina kumi na moja hayajapatikana. Kufikia 1 Julai KNCHR, ile tume ya haki za binadamu, walikuwa wamehesabu vifo 39. Wengi mnaijua hiyo 39 kwa mabango. Mi namjua mama mmoja nilienda naye mochwari, akaomba afunuliwe miguu kwanza kabla ya uso, manake soksi alimfulia mwenyewe. Akasema ni yeye. Halafu akainama akampandisha soksi moja iliyokuwa imeshuka. Mpaka leo hunipigia saa nane usiku na mi hushika, ningefanyaje.

Hakuna mtu alinilazimisha hii kazi, hilo lieleweke. Lakini angalieni ni nani huifanya. Wasichana wanne basi. Jamaa akitoka seli anaenda kuhojiwa redioni, sisi ndio tumetafuta wakili, tumekimbizana na P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, tumeongea na mamake na gelfrendi wake, na usiku akishindwa kulala anakuja kulia kwangu. Sawa, alie, alipigwa vibaya. Ila nikiuliza kwa mkutano nani atashika zamu ya simu wikendi, kimya, kila mtu anabonyeza simu yake. Kredo yangu, nauli yangu, mkopo wa simu wa Fuliza umejaa. Na ule utekaji wa wanaoikosoa serikali ulipoanza, watu 82 kuanzia Juni hadi Desemba kwa hesabu ya KNCHR, hata sikuwa najua mchana na usiku.

Sasa kilichonileta hapa.

Kuna binti wa miaka 19 alikuja kwangu. Akaniambia komredi fulani, wale wa mbele kabisa, usiku tumelala wengi kwa nyumba ya kujificha alimshikashika akiwa usingizini, akaamka akamtoa mkono, akarudia tena. Nikaita wakubwa wa kikundi tukakaa. Swali la kwanza likawa "nani mwingine anajua?" Hakuna aliyeuliza binti yuko aje. Ikasemwa serikali itatumia hii kutuchafua, ikasemwa huyo jamaa amelala seli mara tatu kwa ajili yetu, halafu mmoja akanigeukia kwa upole kabisa, dada wewe una moyo, nenda umtulize.

Nikaenda. Nilimpikia chai ya tangawizi nikamfunika leso nikamwambia tutalimaliza ndani kwa ndani, avumilie kidogo. Maneno yale yale niliyojifunza kuwaambia wamama mochwarini. Akanijibu "sawa dada". Baada ya wiki tatu akatoka kwa grupu bila kuaga, na jamaa mpaka saa hii ndiye anapanga nani alale wapi.

Hilo ndilo linanichoma, kwamba nilifanya. Huruma yangu mmeigeuza kizibo na mi mwenyewe nikakishindilia.

Na 27 Januari 2024 mlikuja nyote kwa maandamano ya kupinga mauaji ya wanawake, mabango juu, huyo jamaa akiwemo, picha ninayo.

Msiniambie aende polisi. Polisi gani, hao tunaowakimbia? Binti aliyeshikwa kwa maandamano aingie kituoni kwa dawati la jinsia aanze kueleza ile nyumba iko wapi na nani wengine walilala humo? Akitaka kwenda nitaenda naye, lakini mnajua vizuri kwa nini hajaenda. Ndio maana ilifaa sisi tuwe na mahali pa kushtakiana. Miaka yote tunapiga kelele polisi hawezi kujichunguza, ndio kukawa na IPOA, watu wa nje ya polisi wa kuwachunguza polisi. Kwetu anayeshtakiwa ndiye anashika ajenda ya mkutano. Mkiulizwa mnasema umoja.

Kwa hivyo hivi. Huyo jamaa atoke kwa mambo ya malazi leo, sio baada ya maandamano yanayokuja. Watafutwe watu wawili wasio wa kikundi chetu wamsikilize binti, kama atataka kusikilizwa. Na simu ya welfea wanaume wataishika zamu zao, na ile ya mochwari pia, mpaka hayo yafanyike mi sishiki.

Binti nilimpigia jana nikamwomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza kama nilimwandika kwa lile daftari. Sikuwa nimemwandika. Nimemwandika jana usiku, tarehe na saa, ukurasa mmoja na wale wengine.