Solskjær: straika aliyesoma mabeki akiwa benchi, mbona timu yake ilikwama mbele ya waliopaki basi (waliojazana nyuma kulinda)?

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za jioni. Naomba tuichambue safari ya Ole Gunnar Solskjær kutoka ustraika hadi ukocha. Akiwa Manchester United alifunga mabao 126 katika mechi 366, na 28 kati ya hayo alitokea benchi. Akiwa kocha wao alimaliza ligi nafasi ya 3 msimu wa 2019/20, ya 2 msimu wa 2020/21, na Novemba 2021 akaondolewa. Ninachouliza ni cha uwanja wa mazoezi: ustraika ulimpa nini hasa kama kocha, na ulimpungukia wapi? Straika aliyestaafu anayeanza kunoa vijana aige nini?

Benchi la Ufundi
Mkuu, shule yake ilikuwa benchi. Tarehe 6 Februari 1999 kule Nottingham Forest aliingia dakika ya 72 akafunga manne, mechi ikaisha 8-1. Sabu (mchezaji wa akiba) anayejua kazi yake hutazama mabeki kuliko mpira: yupi anageukia upande mmoja tu, yupi anasahau mgongo wake krosi ikija, yupi ameanza kuchelewa kupanda na wenzake. Hilo ni zoezi la kuanza nalo. Mpe kila kijana wa akiba beki mmoja wa kumtazama dakika 20, kisha aseme kasoro mbili alizoziona kabla hajaingia.

La pili ni ngazi alizopanda. Alistaafu Agosti 2007 baada ya goti kumsumbua miaka kadhaa, akaanza kwa kuwanoa washambuliaji, na 2008 akapewa kikosi cha akiba cha United. Ndipo akaenda Molde ya kwao Norway: ubingwa wa 2011, wa kwanza katika historia ya klabu, ubingwa tena 2012, na kombe la nchi 2013. Cardiff ndiyo iliyomwumiza. Aliichukua Januari 2014 ikiwa inahangaika, Mei ikashuka daraja. Timu inayozama kwa kawaida inavuja nyuma, na straika aliyeingia katikati ya msimu hana wiki za kutosha kuupanga ulinzi upya.

Kiungo Mkabaji
Jibu la "ulimpungukia wapi" limo ndani ya msimu wa 2020/21. Ugenini hawakufungwa mechi hata moja ya ligi: walishinda 12, sare 7. Mechi zote 6 walizopoteza zilikuwa Old Trafford, uwanja wao wa nyumbani. Ni kweli viwanja vilikuwa vitupu karibu msimu mzima kwa sababu ya korona, lakini hilo halitoshi kueleza. Ugenini mwenyeji anafunguka, mshambuliaji wao Rashford anapata pa kukimbilia. Nyumbani mgeni anashusha mistari miwili mbele ya boksi, na mbio hazina kazi tena.

Mashambulizi ya kushtukiza yanafundishika kirahisi: nusu uwanja, 4 dhidi ya mabeki 3 na kipa, sekunde 10 kutoka mpira kuporwa hadi shuti. Pasi ya kwanza iende mbele, ya pili imfikie wa pembeni, wa tatu apite mgongoni mwa beki. Kosa la kila siku ni wote wanne kukimbilia golini, hakuna anayebaki ukingoni mwa boksi kusubiri pasi ya kurudi.

Mwanzisha mada
Shukrani mkuu. Na kwa waliopaki basi?

Kiungo Mkabaji
8 dhidi ya 8 katika theluthi ya mwisho ya uwanja, dakika 4 kucheza, 2 kupumzika, mizunguko minne. Bao lihesabiwe tu kama limetokana na pasi iliyorudishwa kutoka karibu na mstari wa goli, au mpira uliohamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa pasi zisizozidi tatu. Hapo ndipo kocha aliyekuwa straika hukosea: anasimamisha zoezi kurekebisha mguu wa mpigaji, wakati tatizo lilitokea pasi tatu kabla ya shuti. Mpira ulihama polepole, beki akapata muda wa kujipanga.

Kukaba kuanzia juu, karibu na goli la mpinzani, nako ni vilevile. Ile 5-0 waliyofungwa na Liverpool, tarehe 24 Oktoba 2021, wa mbele walitoka mmoja mmoja, viungo hawakuwafuata, mabeki wakabaki nyuma zaidi. Weka koni pembeni ya uwanja. Kati ya straika na beki wa mwisho pasizidi mita 30 hadi 35. Pakizidi, piga filimbi, wote warudi wajipange upya.

Mzee wa Msimbazi
Tusimsahau Abdallah Kibadeni, straika wa Simba aliyegeuka kocha. Aliifunga Yanga mabao matatu katika ile 6-0 ya 1977, na akiwa kocha aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF 1993. Kule Abidjan ilikuwa 0-0 na Stella, Dar tukafungwa 2-0. Mwalimu yeyote aangalie hesabu ya sare tasa ya ugenini pale bao la ugenini linapohesabiwa zaidi: nyumbani, sare yoyote yenye mabao inampa mgeni kombe, kwa hiyo huwezi kujaza watu mbele na kuacha nyuma wazi.

Benchi la Ufundi
Niongeze moja linalouma kwa mtu wa historia ya Solskjær. Fainali ya Europa dhidi ya Villarreal, Gdańsk, 26 Mei 2021, sabu yake ya kwanza iliingia dakika ya 100. Emery, kocha wa Villarreal, alikuwa ameanza kubadilisha zamani. Ikaisha 1-1, penalti 11-10 kwa Villarreal. Kabla ya mechi andika kwenye karatasi: nani anaingia tukiwa nyuma, nani tukiwa sare, na dakika ya mwisho ya kuamua. Mimi naiweka 65. Anayeingia muda huo anakuta bado kuna dakika 25 za kumtumia yule beki aliyemsoma tangu kipindi cha kwanza.