Honda CG125 ya marehemu babu imelala tangu 2008, nianzie wapi?

mjukuu_wa_Ilula:
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Nina Honda CG125 ya marehemu babu, kadi inasema 1981. Babu alikuwa bwana shamba, vijiji vyote vya huku kwetu alivizungukia na hiyo hiyo moja, masika kiangazi, mifuko ya mbegu kwenye karia na mi nikiwa mdogo nimekaa juu ya tenki nimeshika usukani naamini naendesha mimi. Aliipaki 2008 macho yalipoanza kumsumbua, ikaingizwa banda la kuni, akafariki, hakuna aliyeigusa tena. Mwezi uliopita bibi akaniita akanipa funguo, akasema ichukue kabla wajomba zako hawajaiuza kwa watu wa vyuma chakavu.

Hali yake: tenki lina kutu, ukilitikisa linalia kama debe lenye mchele, matairi yamepasuka yote mawili, manyigu wamejenga udongo ndani ya ekzosi, na kiki haishuki kabisa, nimesimama juu yake na uzito wangu wote ikagoma. Chini ya siti babu alichora jina lake na msumari, bado linasomeka vizuri.

Sijawahi kufungua injini yoyote. Nina boksi la spana za kawaida na sehemu ya kufanyia ni baraza nyuma ya jiko. Fundi wa mtaani kwetu ananiambia nisihangaike, anitolee injini yote anifungie ya bodaboda ya kichina alafu tupige rangi nyekundu iwake. Roho inakataa ila sina hoja ya kumjibu. Mi nataka ingurume injini ile ile. Nianze na nini, rangi au injini?

Spana_Kumi, Dar:
Pole kwa msiba japo ni wa siku nyingi. Kaka mi nasimama na fundi wako. Pikipiki ya mzee wangu ilikuwa hivyo hivyo, CG ya zamani, tukaweka injini ya kichina ya 125, boliti za kufungia injini karibu zote zikakubali, siku mbili tu ikawaka na mpaka leo inabeba madumu ya maji kule Mkuranga. Ukianza kufufua injini ya 1981 utakamuliwa pesa kidogo kidogo mpaka uchoke na mwisho itabaki vipande kwenye ndoo, nimeziona nyingi zimeishia hivyo. Kama unataka kuiendesha, badilisha. Kama unataka ukumbusho, ioshe uiweke sebuleni.

Mzee_wa_Magineto, Morogoro:
Marahaba mjukuu. Spana Kumi mdogo wangu nakuheshimu lakini hapa nakukatalia.

Hebu tuanze na ukoo wake. Honda ndogo nyingi za kabla ya hii zilikuwa na kam, ile shafti inayofungua valvu, juu kwenye silinda hedi, inazungushwa na mnyororo, na huku kwetu watu walikuwa hawabadilishi oili kwa wakati wala hawakazi huo mnyororo, kam ikikosa oili inakula hedi na hedi ndo imeisha hiyo. Honda walipotoa CG mwaka 1976 wakaishusha kam chini, ikazungushwa na gia, na valvu zikasukumwa na pushirodi, zile fimbo mbili nyembamba. Yaani ilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama babu yako, barabara ya vumbi na oili inayocheleweshwa. Kule Brazili hii ndo ilikuwa pikipiki ya Honda ya kwanza kutengenezwa kwao, Pakistani wameendelea nayo miaka na miaka. Na injini nyingi za kichina hizo mnazoziita za bodaboda ni nakala ya hii hii. Sasa unatoa mama unaweka mtoto wa kunakiliwa, kwa nini? Faida yako wewe ni kwamba vipuri vya mtoto vingi vinamfaa mama. Ila nisikilize vizuri, Boxer na TVS ni ukoo mwingine kabisa, usiuziwe pistoni ya huko.

Alafu kuna jambo la kadi. Injini namba iko kwenye kadi. Ukibadilisha injini, kadi na pikipiki haviongei lugha moja, utaeleza kila unaposimamishwa. Na kadi bado ni jina la marehemu, kwaiyo kabla hujatumia hata mia mbili kaa na bibi na hao wajomba, msimamizi wa mirathi apatikane mahakama ya mwanzo, ndo TRA watakubadilishia jina. Nimeona kijana katengeneza mwaka mzima, ilipowaka tu mjomba akaja kuichukua. Iliniuma kama yangu.

Rangi ni ya mwisho kabisa. Usinunue hata kopo.

Injini imekamata, yaani pistoni imegandia ndani ya silinda, basi usiisimamie kiki tena, utavunja meno ya gia ya kiki au utapindisha shafti. Fanya hivi. Toa plagi. Mwaga oili ya zamani kwanza uiangalie, ikiwa kama chai ya maziwa ujue maji yaliingia. Changanya dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, ile nyekundu, nusu kwa nusu, mimina kwenye tundu la plagi kama nusu kikombe cha kahawa, ziba na kitambaa, uiache. Kesho yake ongeza. Siku nne, wiki, hata mbili, kutu haina haraka na wewe usiwe nayo. Kila jioni weka gia ya juu kabisa, shika tairi ya nyuma kwa mikono, isukume mbele nyuma taratibu, upana wa kidole tu unatosha. Ikiachia utaisikia mkononi. Hiyo dizeli itakuwa imepenya kwenye ringi imeshuka chini kwenye oili, kwaiyo usije ukawasha kabla hujamwaga tena na kuweka oili safi, inakula kama lita 1.

Skrubu za kava za pembeni zinaonekana za nyota ya kawaida lakini za Mjapani ni nyota yake, tundu lina kina tofauti kidogo, bisibisi za dukani zinapanda juu zinazitafuna. Tafuta bisibisi ya kugonga na nyundo, ile inayozunguka ukiipiga. Skrubu ikishaliwa kichwa utakuja kunikumbuka.

Flaiwili, lile gurudumu zito la pembeni ya injini, usiitoe kwa nyundo. Ina puli yake, kifaa cha kuivutia nje, fundi yeyote wa bodaboda anayo, omba uazime. Nyuma yake utakuta pointi, vile viswichi vinavyokata umeme ili plagi ipige moto, zitakuwa na ukungu mweupe, zisugue na msasa laini mno alafu pitisha karatasi safi katikati mpaka itoke haina weusi. Upana ni milimita 0.3 mpaka 0.4. Tapeti zote mbili, yaani nafasi ya valvu, milimita 0.08 injini ikiwa baridi, kwaiyo nunua fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia nafasi, ni kitu kidogo ila bila hiyo unabahatisha. Na kama ni ile ya volti 6 yenye pointi, usihangaike na betri kwanza, moto wa plagi unatoka kwenye magineto, sumaku za flaiwili zinazozalisha umeme.

Piga picha kila kitu kabla hujakigusa. Kila boliti kwenye kikopo chake na karatasi ya jina. Hiyo ndo inazuia mambo ya vipande kwenye ndoo aliyosema Spana Kumi, na hapo hajakosea.

Bi_Kabureta, Mombasa:
Hapo kwa tenki niachie mie. Petroli iliyolala miaka hiyo hugeuka gundi, hunuka kama vanishi, na huziba jeti zote, vile vitundu vya kabureta vya kupitisha petroli. Umesema wafanya kazi nyuma ya jiko, tafadhali, ikiwa mwapikia makaa basi tenki lisifunguliwe hapo. Lipeleke uwanjani, mwaga, lioshe na maji ya sabuni mara tatu. Na mtu akikwambia alichomee tundu kwa welding na wewe hujaliosha, mkatalie, mvuke wa petroli waua hata tenki likiwa tupu.

Kisha tia vipande vya cheni kuukuu, tikisa mpaka mikono ichoke, toa. Jaza siki nyeupe mpaka juu, ziba, iache siku mbili. Ukimwaga itatoka nyeusi kama kahawa. Suuza, na papo hapo tia maji yenye magadi kuua ukali wa ile siki, suuza tena, kausha juani, halafu mimina oili kidogo uligeuzegeuze ndani. Ukiliacha kavu hivi hivi usiku mmoja tu, asubuhi lishapiga kutu jipya la rangi ya chungwa. Mie nililia siku hiyo.

Na breki jamani. Vile viatu vya zamani, vingi vilikuwa na asbesto. Ukifungua ngoma ya breki usipulize lile vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Lowesha na maji, futa na kitambaa, kitupe kwenye mfuko uliofungwa.

Jina la babu chini ya siti usimpe mtu asugue.

mjukuu_wa_Ilula:
Nimesoma kila mstari mara mbili, asanteni sana, mzee Magineto shikamoo tena. Jumapili tumekaa na bibi na wajomba wote wawili, wamekubali, mjomba mkubwa ndo anakuwa msimamizi na barua ya kikao cha ukoo tumeshaandika. Ilikuwa kikao kirefu ila kizuri, kila mtu alikuwa na kisa chake cha hiyo Honda, mjomba mdogo anasema ndo ilimpeleka mama yake hospitali usiku anaozaliwa yeye.

Dawa ya dizeli nimeanza Jumatatu. Tenki lipo kwenye siki. Nitarudi.

Spana_Kumi, Dar:
Nimekubali hoja ya kadi, ya kwetu kweli inatusumbua mpaka leo. Ukihitaji puli ya flaiwili niambie, natuma kwa basi.

mjukuu_wa_Ilula:
Wakuu leo ni siku ya 11. Jioni nimeshika tairi kama kawaida, sikutegemea kitu, nikasukuma na nikasikia kama kitu kinameza mate ndani ya injini, tairi ikaenda. Nikarudisha, ikarudi. Nikamwita bibi akaja na mwiko mkononi, akashika tairi na yeye akaisukuma, akakaa kwenye kigoda akanyamaza muda mrefu.

Kiki sasa inashuka lakini inashuka kirahisi mno, haina upinzani wowote. Nimefungua hedi leo, nati nimelegeza kwa kupishanisha kidogo kidogo, pushirodi nimeziweka alama ipi ya ekzosi ipi ya kabureta. Ukutani mwa silinda kuna mstari wa kutu pale pistoni ilipokuwa imesimama, nikipitisha ukucha unakwama.

Mzee_wa_Magineto, Morogoro:
Safi sana mjukuu wangu, safi sana. Ukucha ukikwama msasa hautasaidia, hiyo silinda inataka kupigwa bore. Lakini usiipeleke kwa mtu wa mashine bado. Pistoni inatangulia, silinda inachongwa kuifuata, sio kinyume chake, wengi wanachonga kwanza alafu wanazunguka mji mzima na silinda isiyo na pistoni. Saizi ya kiwandani ni milimita 56.5, na kila ukichonga unapanda robo milimita. Ukipata pistoni ya dukani iweke pembeni ya yako, pima upana, pima tundu la pini, na pima kutoka katikati ya pini mpaka juu, vyote vilingane isipokuwa upana.

Sasa futa kaboni juu ya pistoni na kitambaa chenye dizeli, usikwangue na bisibisi. Kama imeshawahi kubadilishwa kutakuwa na namba imegongwa pale. Isome uniambie.

mjukuu_wa_Ilula:
Nimefuta. Kuna mshale unaangalia mbele na chini yake imeandikwa 0.25.

Mzee_wa_Magineto, Morogoro:
Basi babu yako alishaifungua mara moja akaifunga tena, na ikamtumikia mpaka 2008. Tafuta 0.50. Ukiipata nitumie picha na vipimo kabla hujalipia.