Mchanganyiko wa zege: BRE, ACI, IS 10262 au ya Wachina? Nimezipiga zote, namba hazikutani

KokotoLugoba (mwanzisha mada)

Wakuu habarini, na wakubwa shikamooni.

Nipo saiti moja hapa Dar, jengo la ghorofa sita. Mkandarasi katoka China, mhandisi mshauri kasomea Uingereza, kijana wa maabara ana kitabu cha Kihindi alichotoka nacho chuoni. Zege ni lilelile, C25/30 (daraja la nguvu: MPa 25 likivunjwa kwa silinda, 30 kwa kyubu, yaani mchemraba), lakini kila mmoja ana karatasi yake ya mchanganyiko, iliyopigwa kwa njia ya kitabu chake, na hakuna mbili zinazofanana. Nikaamua kuzipiga upya zote kwa vifaa vilevile: saruji ya daraja la nguvu 42.5, kokoto za kupondwa za Lugoba mm 20, mchanga wa Mpiji, slampu (kipimo cha ulegevu wa zege bichi) mm 75 hadi 100, bila kemikali yoyote. Nilichopata kwa mita moja ya ujazo:

BRE ya Uingereza (wengi tunaiita DoE, ilitoka 1975, ikarekebishwa 1988 na 1997): nguvu ya kulenga (30 ya kyubu na nyongeza ya tahadhari) ni 30 + 1.64 × 8 = 43 MPa. Kokoto ni za kupondwa na mchanga ni wa mto, kwa hiyo maji ni theluthi mbili ya 195 jumlisha theluthi moja ya 225, yaani lita 205. Uwiano wa maji na saruji kwenye grafu ni kama 0.55. Saruji kilo 373.

ACI 211.1 ya Marekani: 25 + 8.3 = 33.3 MPa. Maji 205, uwiano 0.49, saruji kilo 418.

JGJ 55 ya China (2011): 30 + 1.645 × 5 = 38.2 MPa. Maji 215, uwiano 0.60, saruji kilo 358.

IS 10262 ya India (2019): 30 + 1.65 × 5 = 38.25 MPa. Maji 186 kwa slampu mm 50, unaongeza asilimia 3 kila mm 25, inafika 197. Uwiano nimeubana 0.45 kwa sababu IS 456, kanuni yao ya zege, inaweka M30 (daraja lao la MPa 30 za kyubu) kwenye mazingira makali. Saruji kilo 438.

Kutoka 358 hadi 438 ni kilo 80, mfuko mmoja na nusu na ushee kwa kila mita. Mkandarasi anashikilia ya kwake, na si ajabu maana ndiyo ya bei nafuu. Nani yuko sahihi? Nawasilisha.

InjiniaMstaafu

Marahaba kijana. Kazi nzuri, ila umepanga namba ambazo hazipimwi kwa kipimo kimoja. Ile 33.3 ya ACI ni ya silinda, mm 150 kwa 300. BRE, India na China wanavunja kyubu. Zege hilohilo likivunjwa kwa silinda linasoma kama asilimia 80 ya kyubu, ndiyo maana jina lenyewe ni C25/30. Gawa 33.3 kwa 0.8, unapata karibu 42. Sasa Mmarekani na Mwingereza wako jirani kabisa, 42 na 43.

Nimeshaona mtu kachukua 30 ya kyubu akaingia nayo kwenye jedwali la ACI kana kwamba ni silinda. Hapo zege halianguki, ila mwenye jengo ananunua saruji asiyoihitaji. Ukifanya kinyume chake, ukachukua 25 ya silinda ukaenda nayo BRE, hapo ndipo pa kuogopa.

Jambo la pili, hiyo 8 ya BRE. Ni mkengeuko wa kawaida (matokeo ya kyubu yanavyotawanyika) wa mtu asiye na rekodi. Ukiwa na matokeo 20 au zaidi ya zege la namna hiyo, unaruhusiwa kutumia mkengeuko wako mwenyewe, mradi usishuke chini ya 4. Lengo linatoka 43 linakuwa 36.6. Mwingereza anakutoza kwa sababu hakujui. Wachina na Wahindi wanakupa 5 kwa daraja hili tangu siku ya kwanza, wakidhani saiti yako ina mizani na msimamizi. Je, inavyo?

JiweGumu_NRB

Wadau, mimi nitauliza kuhusu saruji, kwa sababu huku Nairobi ndipo tunapoumia. Umesema 42.5. Umeusoma mfuko, ama umesoma michoro ya mshauri? Iliyojaa madukani ni 32.5, mara nyingi ya pozolana, iliyochanganywa na unga kama wa majivu ya volkano.

Jedwali la nguvu la BRE lina madaraja mawili tu, 42.5 na 52.5. 32.5 haimo. Injinia anaingia na 32.5 mkononi, anasoma mstari wa 42.5 kwa mazoea, anaambiwa kokoto za kupondwa kwa uwiano wa 0.5 zitampa 49 MPa siku ya 28. Hatazipata.

ACI haikuulizi daraja kabisa. Jedwali lake limejengwa juu ya saruji ya kawaida ya Marekani.

Mchina ndiye anayeuliza waziwazi, na kwa hilo namheshimu. Fomula yake ina nguvu ya saruji ndani. Kama hujaipima, 42.5 unazidisha kwa 1.16 inakuwa 49.3, na 32.5 unazidisha kwa 1.12 inakuwa 36.4. Nimepiga hesabu yako upya kwa 32.5:

0.53 × 36.4 ÷ (38.2 + 0.53 × 0.20 × 36.4) = 0.46

Maji 215, saruji kilo 469. Kwa 42.5 ilikuwa 358. Hiyo ni tofauti ya kilo 111 ndani ya njia moja, kitabu kimoja, zege moja. Tofauti ya nchi nne uliyoileta ilikuwa kilo 80. Kwa hiyo kabla hatujabishana China na Uingereza, nenda stoo usome mfuko.

KokotoLugoba

Nimesoma. Ni 42.5 N, CEM II, yaani saruji iliyochanganywa na vitu vingine. Ila umenishtua, kwa sababu kwenye saiti ya jirani nimeona lori likishusha 32.5 na karatasi ya mchanganyiko ukutani inasema 42.5.

FundiSelemani

Wakubwa mnatuchosha na hesabu. Sisi ni moja, mbili, nne. Mfuko mmoja, boksi mbili za mchanga, boksi nne za kokoto, maji mpaka ilegee. Nyumba zimesimama.

MamaMaabara

Fundi, za nyumba ya chini hatugombani. Tatizo liko kwenye boksi na kwenye "mpaka ilegee". Boksi la mfuko mmoja ni lita 35, mfano cm 30 kwa 30 kwa 39. Mchanga ukiwa na unyevu unavimba. Asilimia 25 ni jambo la kawaida. Boksi zako mbili, lita 70, ndani yake zina mchanga wa lita 56 tu. Umechanganya 1:1.6:4 bila kujua, zege linakosa mchanga wa kujaza, nguzo inatoka na matundu chini kwenye nondo. Halafu unaziba na plasta kabla mshauri hajafika. Tunawajua.

Sasa KokotoLugoba, kuna kitu kwenye maji ya Mchina hakuna aliyekitaja, na ndicho kinachofanya njia yake ionekane ya ubahili. JGJ 55 inahesabu mchanga na kokoto zikiwa kavu: mchanga chini ya asilimia 0.5 ya unyevu, kokoto chini ya 0.2. BRE, ACI na IS zinahesabu maji huru tu, yaani punje zimeshashiba ndani na nje zimekauka. Kwa hiyo sehemu ya zile lita 215 haiwi maji ya zege, inanyonywa na mawe.

Chukulia mchanga kilo 700 unaonyonya asilimia 1, na kokoto kilo 1,100 zinazonyonya 0.7. Jumla ni kama lita 15. Zilizobaki ni 200. Gawa kwa 358: uwiano ni 0.56. Mwingereza alisema 0.55. Mshauri na mkandarasi wako wanagombana bure, wanasema kitu kimoja kwa lugha mbili.

Hatari iko kwa atakayechukua 0.60 na 215 za JGJ, akampa fundi mchanga wa Mpiji uliolowa mvua ya jana bila kukata maji. Mchanga huo kilo 700 ukiwa na maji huru asilimia 5, umebeba lita 35. Hata kwenye mchanganyiko wa BRE: 205 jumlisha 35 ni 240, gawa kwa 373, umetoka 0.55 umefika 0.64. Hapo huna tena C25/30, na hakuna njia ya nchi yoyote itakayokuokoa. Kikaango, jiko la gesi na mizani midogo vinatosha kupima unyevu asubuhi kabla ya mashine kuwashwa. Ajabu ni kwamba saiti zinakuwa na mashine ya zege ya mamilioni na hazina kikaango.

Mjenzi_Goma

Jambo bandugu. Huku kwetu Kongo, na majirani wa Burundi, tulifundishwa ya Kifaransa, Dreux-Gorisse. Nawaona mmeisahau.

Nayo inauliza nguvu ya kweli ya saruji, ile uliyopima maabara kwa vipande vidogo vya saruji na mchanga, si ile iliyoandikwa kwenye mfuko. Unalenga asilimia 15 juu ya nguvu ya silinda, kwa hiyo 25 inakuwa 28.75. Kisha: nguvu ya kulenga = G × nguvu ya saruji × (saruji ÷ maji − 0.5). G ni ubora wa kokoto, mara nyingi 0.5. Saruji ya 32.5 ikipimwa ikatoa 40, uwiano wa maji ni 0.52. Ikitoa 36, ni 0.48. Mfuko unafanana, duka ni lilelile.

Raha yake ni upande wa mchanga na kokoto: unachora mstari wa chekeche wa kila kimoja (punje za kila ukubwa ni asilimia ngapi) kwenye karatasi, unachora na mstari wa kulenga, unapata asilimia zako kwa macho. Inachosha, lakini kwa mawe yetu ya volkano, yenye vinyweleo na sura za ajabu, jedwali la maji la Mwingereza halikujua kama yapo. Mawe haya yanakunywa. Usipoyalowesha kabla, slampu inakufa ndani ya toroli.

InjiniaMstaafu

Asante ndugu wa Goma. Hilo la sura ya mawe ACI wamelishughulikia kwa ujanja ninaoupenda. BRE inakuuliza "za kupondwa au za mtoni?" kama vile kuna aina mbili tu duniani. Mmarekani anakwambia jaza kokoto kavu kwenye chombo, zishindilie kwa fimbo, pima uzito. Kokoto mbaya zinaacha nafasi nyingi, uzito unashuka wenyewe, na kokoto kwenye zege zinapungua zenyewe. Kwa mchanga wenye faini modulasi (namba ya ukubwa wa punje) ya 2.6 na kokoto mm 20, kokoto zilizoshindiliwa zinachukua 0.64 ya mita ya ujazo. Mhindi naye ana jedwali la sehemu ya kokoto, ila anaangalia kanda za mchanga (makundi ya ukubwa wa punje), I hadi IV.

Na ACI ina jedwali jingine la zege lenye vipovu vya hewa. Hilo ni la nchi za barafu. Nimekuta watu wanalisoma kwa ajili ya Dodoma.

Bahari_MSA

Mimi niko Mombasa na naona mmeruka jambo moja. Jengo liko umbali gani na bahari?

Watu huniambia "tunatumia EN 206", kanuni ya zege ya Ulaya, kana kwamba ni njia nyingine. EN 206 haikupangii mchanganyiko. Inakuwekea mipaka: zege la hewa ya chumvi, XS1, uwiano usizidi 0.50, saruji isipungue kilo 300, daraja lisiwe chini ya C30/37. Linalopigwa na maji kupwa na kujaa, XS3, ni 0.45, kilo 340, C35/45. Kanuni za China nazo zina mipaka yake. Mazingira ya unyevu wa kawaida tu, 0.55, kwa hiyo ile 0.60 ya mkandarasi inaweza kugonga ukuta ndani ya vitabu vyake mwenyewe. Muulize hilo kwa upole kwenye kikao.

Kwa pwani hii nguvu mara nyingi si swali. Ukishabanwa 0.45, nguvu inakuja yenyewe, na njia zote zinabaki kukuambia maji kiasi gani. Hapo tafuta kemikali ya kupunguza maji, usiongeze saruji mpaka zege lipasuke kwa joto.

KokotoLugoba

Tupo mbali kidogo na bahari, lakini upepo wa chumvi unafika. Mshauri kaniambia leo: misingi na nguzo za nje 0.50, na C25/30 iwe C30/37. Ndani C25/30 ibaki. Mkandarasi kakubali baada ya kuonyeshwa hesabu ya MamaMaabara, hasa hiyo ya lita 15. Sasa ya ndani naanzia wapi?

InjiniaMstaafu

Usianze na kitabu kimoja. Maji 205, tengeneza tatu: 0.50, 0.55, 0.60. Kila moja kyubu za siku 7 na za siku 28. Chora mstari wako mwenyewe wa saruji hiyo na kokoto hizo, kisha soma kwenye 43. Matokeo 20 yakishatimia, rudi usome kwenye lengo jipya. Hapo ndipo mkandarasi atapata unafuu wake, kwa haki.

Ila usichanganye vitabu njiani. Lengo la Mchina lenye 38 ukilisoma kwenye grafu ya Mwingereza, umekusanya unafuu wa pande zote mbili na tahadhari ya hakuna.

JiweGumu_NRB

Na akipata siku 7 za chini atafanya nini, asubiri mwezi mzima slabu imelala?

MamaMaabara

Kwa saruji ya 42.5 na kokoto za kupondwa, BRE inaonyesha 36 siku ya 7 kwa 49 siku ya 28, kama asilimia 73. Akiwa karibu na hapo, aendelee. Ila hii yake ni CEM II. Kama ina pozolana siku ya 7 itakuwa nyuma zaidi ya hiyo, na si kosa la mchanganyiko. Avunje na za siku 14, na fomu za slabu asizitoe kwa kalenda, azitoe kwa kyubu zilizolala palepale saiti, juani, si zile zilizoogelea kwenye tangi langu.