Bila kipigo, mtu asiye na hatia anakiri vipi kosa zito?

Mdadisi77:
Wakuu, kuna jambo linanisumbua wiki nzima. Nimesoma habari za wale vijana watano wa New York, mwaka 1989, waliotuhumiwa kumbaka mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi ndani ya Central Park. Wana miaka 14 hadi 16 tu. Wanne wakakiri mbele ya kamera, wote watano wakafungwa. Mwaka 2002 akajitokeza mfungwa mwingine kabisa, akasema alifanya peke yake, na vipimo vya vinasaba vikamthibitisha. Hukumu zikafutwa.

Mtu akiteswa atasema lolote, hilo naelewa. Lakini kwa maneno matupu? Mimi ningekataa mpaka kuche. Je, najidanganya? Na asiyekuwepo kwenye tukio anapata wapi maelezo ya kukiri?

Binti_Saikolojia:
Unajidanganya, kaka, na si wewe peke yako. Mwaka 1996 mwanasaikolojia wa Marekani Saul Kassin na mwenzake walifanya jaribio na wanafunzi. Unachapa herufi kwenye kompyuta, umeonywa usiguse kitufe fulani. Kompyuta inazimika yenyewe, unaambiwa umekigusa. Hakuna aliyekigusa, lakini asilimia 69 walitia saini kwamba wamekigusa. Kwa wale waliochapa haraka, tena akatokea shahidi wa uongo kusema "nimemwona", walisaini wote. Baadhi yao walitoka nje wakiamini kweli wameharibu. Na hapo hakuna mahabusu, hakuna aliyekesha.

Mdadisi77:
Sawa dada, lakini kitufe ni kitufe. Kifungo cha miaka ni kitu kingine.

Mpelelezi_Mstaafu:
Mdadisi, nimekuwa mpelelezi kwa miaka kumi na tisa. Sitataja wapi. Nakujibu kwa kesi yangu mwenyewe, maana niliandika ungamo la uongo kwa mkono wangu na sikujua.

Ghala liliungua usiku. Kijana mmoja aliyekuwa amefukuzwa kazi pale siku chache kabla akaletwa kwangu. Nilimweleza haki yake ya kuwa na wakili. Akasema, "Sina cha kuficha afande, wakili wa nini?" Siku hizo nililichukulia hilo kuwa ujasiri wa mhalifu. Leo najua asiye na kosa ndiye huwa mwepesi kuiachia haki hiyo, kwa sababu anaamini ukweli utamtetea wenyewe.

Tukaanza saa mbili usiku. Sikumgusa hata kwa kidole. Kila alipoanza kusema "sikufanya", nilimkatiza kabla hajamaliza, maana ndivyo tulivyofundishwa: usimwache azoee kukana. Kisha nikamwambia kuna mtu amemwona. Hakuwepo mtu. Baadaye nikampa njia ya kutokea: "Najua hukukusudia ghala lote liungue, ulikuwa na hasira tu." Hebu isikie sentensi hiyo kwa masikio ya mtu aliyekaa kwenye kiti kwa muda wa saa tisa. Inasema kosa lako ni dogo, na mlango upo.

Alfajiri aliniuliza, "Nikisema nilifanya, nitakwenda nyumbani?" Sikumjibu ndiyo. Sikumjibu hapana pia. Nilimsogezea maji.

Swali lako, Mdadisi, linakosea pale unapoweka kifungo upande mmoja wa mizani. Kifungo hakimo chumbani. Kipo mbali, na anaamini mahakama italiona kosa na kulirekebisha. Chumbani kuna usingizi na mimi. Anapima vitu hivyo viwili, na anachagua kulala.

Sasa maelezo aliyapata wapi? Ungamo lake lilitaja dirisha la nyuma lililovunjwa na dumu la bluu. Hakimu alisema maneno hayo yanaweza kutoka tu kwa mtu aliyekuwepo. Miezi mingi baadaye, aliyechoma alipokamatwa kwa kosa jingine na kupatikana na vitu vya mle ghalani, nilikwenda kulifungua daftari langu la zamani. Maswali yangu nilikuwa nimeyaandika kwa ufupi. Swali la sita: "Uliingia kwa dirisha la nyuma au mlango?" Na mbele kidogo: "Ameonyeshwa picha ya dumu." Nilikuwa nimempa mimi. Alinirudishia nilichompa, nami nikakipokea kama ushahidi.

Ndiyo maana nawasumbua wenzangu kuhusu kinasa. Kurekodi ungamo tu hakutoshi. Wale vijana wa New York walirekodiwa, lakini kamera iliwashwa mwishoni, baada ya saa nyingi za mahojiano. Inatakiwa iwake tangu swali la kwanza, ili hakimu asikie nani alitangulia kutaja dirisha.

Binti_Saikolojia:
Asante sana mzee. Niongeze kwamba wapo wanaofika mbali zaidi, wakaacha kuiamini kumbukumbu yao. Peter Reilly wa jimbo la Connecticut, Marekani, alikuwa na miaka 18 mwaka 1973 alipomkuta mama yake ameuawa. Aliambiwa mashine ya kupima uongo imemkamata. Baada ya saa nyingi akaanza kusema huenda kweli amefanya, ila hakumbuki. Akasaini. Miaka kadhaa baadaye kesi ikafutwa.

Mdadisi77:
Nimesoma mara mbili. Samahani kwa kuuliza hili, mzee: yule kijana ulionana naye tena?

Mpelelezi_Mstaafu:
Nilikwenda kwao alipotoka. Alinikaribisha, akanipa kiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Afande, yule mtu uliyesema ameniona, alikuwa nani?"

Usiku kucha, na miezi yote ile ndani, alikuwa akimtafuta kichwani mwake. Nikamwambia hakuwepo.