Maajabu saba ya dunia ya kisasa: nani ayachague, na kwa kigezo gani?

MLETA MADA

Wakuu, kila yanapotajwa maajabu saba ya dunia ya leo, watu huimba majina yale yale: Ukuta Mkuu wa China, Petra, Colosseum, Chichén Itzá, Machu Picchu, Taj Mahal na sanamu ya Kristo Mkombozi ya Rio de Janeiro. Orodha hiyo haikutoka UNESCO kama wengi wanavyodhani. Ilitoka kwa taasisi binafsi ya Bernard Weber, mtengeneza filamu wa Uswisi na Kanada, ikatangazwa Lisbon tarehe 7 Julai 2007 baada ya watu kupiga kura kwa intaneti na simu. UNESCO walijitenga nayo mapema, wakasema itaonyesha maoni ya wenye intaneti tu. Mtu mmoja aliweza kupiga kura zaidi ya moja, na nyingine zilikuwa za kulipia. Rais wa Brazil akahimiza wananchi wake, malkia wa Jordan naye akaipigia debe Petra. Hapo tulikuwa tunapima nini, ajabu au ushabiki?

Sibishani na uzuri wa vitu hivyo. Nabishana na kuvipa cheo cha zama zetu. Colosseum ilizinduliwa mwaka 80 BK. Machu Picchu ni ya karne ya 15. Taj Mahal ilianza kujengwa 1632. Katika zote saba, ni sanamu ya Rio peke yake, iliyokamilika 1931, ambayo ni ya karne ya 20. Nyingine sita zina heshima yake tayari, hazihitaji joho la kuazima.

Kigezo changu: kitu kiwe kimekamilika kuanzia 1900 kuja huku, na kiwe kimefanya jambo ambalo mafundi wa kale, hata wangepewa vibarua laki moja na miaka mia, wasingeliweza. Urefu pekee hautoshi. Piramidi Kuu ya Giza ilishika rekodi ya urefu kwa zaidi ya miaka 3,800, na leo hakuna anayeipenda kwa sababu ya mita zake 146.

Mgombea wangu wa kwanza ni Mfereji wa Panama, uliofunguliwa tarehe 15 Agosti 1914. Wengi wanadhani ni mtaro mrefu uliochimbwa kutoka bahari hii hadi ile. Wafaransa walianza na wazo hilo mwaka 1881, wakashindwa. Wamarekani waliofuata waliuziba mto Chagres, likatokea ziwa Gatun, mita 26 juu ya usawa wa bahari, na meli hupandishwa huko hatua kwa hatua. Meli inaingia kwenye chemba, milango inafungwa nyuma yake, maji ya ziwa yanateremka yenyewe kupitia njia zilizo chini ya sakafu, bila pampu hata moja, na chuma cha maelfu ya tani kinaanza kupanda. Chemba tatu, imefika ziwani. Ng'ambo inashushwa vivyo hivyo. Safari ya New York hadi San Francisco kwa bahari ikapungua kwa zaidi ya kilomita 12,000.

Wa pili ni Abu Simbel, kule Misri. Najua mtasema mahekalu ya farao Ramses II yana miaka zaidi ya 3,200. Sizungumzii mahekalu, nazungumzia kuhamishwa kwake. Bwawa Kuu la Aswan lilipokuwa linajengwa, maji yalikuwa yanakuja kuyameza. Kati ya 1964 na 1968 yalikatwa vipande zaidi ya elfu moja, vingine vya tani 20 na zaidi, yakapandishwa mita 65 na kuungwa upya, kwa umakini kiasi kwamba jua bado linapenya hadi chumba cha ndani kabisa mara mbili kwa mwaka, Februari na Oktoba. Kuchonga jabali, mafundi wa Ramses waliweza. Kulihamisha wasingeweza.

Halafu cheo kiwe kinavuliwa. UNESCO waliifuta Dresden ya Ujerumani kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2009 kwa sababu ya daraja, wakaifuta na Liverpool mwaka 2021. Kwa nini maajabu yawe ya milele? Haya, nipingeni.

MCHANGIAJI WA 1

Mkuu, unaisema vibaya kura wakati orodha ya maajabu saba ya kale haikupigiwa kura na yeyote. Antipater wa Sidon, mshairi wa Kigiriki wa karne ya 2 KK, alitaja aliyoyajua, basi. Yote yalikuwa katika nchi ambazo Wagiriki walikuwa wanazifikia. Sanamu kubwa ya Rhodes ilikuwa imeshaangushwa na tetemeko la ardhi miongo kadhaa kabla yake, na bado akaiweka! Baadaye mwandishi mmoja wa Kirumi akasimulia jinsi ilivyolala chini, na kwamba ni wachache wanaoweza kukizungushia mikono kidole gumba chake. Bustani za Babeli ndiyo kabisa, wanaakiolojia hawajapata ushahidi thabiti kuwa zilikuwako Babeli.

Utasema tuwaachie wataalamu. Walishaachiwa. Mwaka 1994 Chama cha Wahandisi wa Ujenzi cha Marekani kilitoa saba za kisasa: njia ya reli chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, mnara wa CN wa Toronto, Empire State Building, daraja la Golden Gate, bwawa la umeme la Itaipu mpakani mwa Brazil na Paraguay, kingo za Uholanzi dhidi ya bahari, na huo Mfereji wako wa Panama. Hesabu mwenyewe. Tano ziko mabara ya Amerika, mbili Ulaya. Asia sifuri, Afrika sifuri. Mwenye kura ana kwao na mtaalamu ana kwao. Afadhali kura, angalau hata asiye na shahada anahesabiwa.

MCHANGIAJI WA 3

Burj Khalifa, ghorofa la Dubai. Mita 828. Mjadala ufungwe.

MLETA MADA

@3 Likijengwa la mita 900 utakuja kuufungua tena?

@1 Ya 1994 ni kweli, imeelemea upande mmoja. Ila tofauti ni hii: mhandisi akisema uongo kuhusu bwawa, mhandisi mwingine anamkamata kwa namba. Kura milioni 100, kama waandaaji walivyodai, unaikagua vipi? Mwaka 2011 taasisi ile ile ilikuja na maajabu ya asili, Maldives wakajitoa katikati wakilalamikia gharama, na wizara ya utalii ya Indonesia ikagombana nayo kwa sababu za fedha. Mlima Kilimanjaro ulikuwa kwenye fainali zile, haukupita. Sioni kama mlima umepungua kitu.

MCHANGIAJI WA 2

Mimi shida yangu ni huo mwaka wako wa 1900. Umeuchagua kama vile umeanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1900 wenye chuma, mikopo na meli walikuwa ndio hao hao waliokuwa wanagawana mabara ya wenzao. Ukianzisha mbio hapo, mshindi unamjua kabla filimbi haijapigwa.

Fainali za 2007 zilikuwa na vitu 21. Afrika iliingiza viwili, piramidi za Giza na Timbuktu. Misri ikaja juu, ikasema piramidi hazishindanishwi, ni ajabu la kale pekee lililobaki limesimama, zikapewa nafasi ya heshima nje ya kura. Ikabaki Timbuktu peke yake. Zimbabwe Kuu haikuwemo, makanisa ya mwamba ya Lalibela, Ethiopia, hayakuwemo.

Zimbabwe Kuu ni kuta za mawe ya matale zilizopangwa bila chokaa wala udongo wa kushikia, nyingine zinafika mita 11, na zimesimama tangu kati ya karne ya 11 na ya 15. Wakoloni walikataa kabisa kwamba Waafrika walizijenga, wakawataja Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni, wakamtaja Malkia wa Sheba. Mwanaakiolojia Randall-MacIver alisema mwaka 1905 kuwa ni kazi ya wenyeji, Caton-Thompson akarudia mwaka 1929, na bado miaka ya 1970 serikali ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilikuwa haitaki kuusikia ukweli huo. Sasa jengo lililonyimwa wenyewe kwa miaka yote hiyo, wewe unalifungia mlango kwa tarehe.

MCHANGIAJI WA 4

Mmesahau watu. Huo Mfereji wa Panama wakati wa Wafaransa inakadiriwa uliua zaidi ya watu 20,000, na wakati wa Wamarekani rekodi rasmi zinataja 5,609, kwa maradhi na ajali. Wengi wao walikuwa weusi kutoka Barbados, Jamaika na visiwa jirani. Mishahara ilikuwa ya madaraja mawili: "dhahabu" kwa Wamarekani weupe, "fedha" kwa wengine. Hata posta kulikuwa na dirisha la dhahabu na dirisha la fedha. Fikiria umeshinda kwenye matope, mvua kichwani na baruti zinalipuka pembeni, halafu barua ya mama yako unaipokea kwenye dirisha la fedha.

Abu Simbel nayo, dunia nzima ilichangia kuokoa mawe, sawa. Wanubi wapatao 100,000 wa Misri na Sudan walihamishwa kupisha maji hayo hayo. Wao hawakukatwa kwa uangalifu na kuungwa upya.

Na Itaipu ndiyo inanichosha. Mwaka 1982 ziwa lake lilijaa kwa siku 14 tu na kuyafunika maporomoko ya Guaíra, mojawapo ya maporomoko yenye maji mengi kuliko yote duniani. Wahandisi waliua ajabu, miaka 12 baadaye wahandisi wenzao wakaiita kazi hiyo ajabu. Kitu kama hicho kipewe cheo au kipelekwe mahakamani?

MLETA MADA

@4 Sikubali kwamba vifo vinafuta ajabu, maana tukienda hivyo Ukuta Mkuu unaanguka leo hii na Colosseum kesho, tena Colosseum ilijengwa kwa ajili ya kuulia watu. Lakini nakubali kwamba hesabu iandikwe palepale kwenye jina. Ukisema Panama, useme 5,609 na useme dirisha la fedha. Itaipu naiacha nje. Umeme wake ni mwingi mno, megawati 14,000, ila kuzamisha Guaíra ni hasara ambayo hakuna mashine inayoirudisha.

Na Panama yenyewe siisifii kama kitu kisichotikisika. Kila meli inayopita inamwaga baharini maji matamu yapatayo lita milioni 200. Ukame wa 2023 ulipokuja, meli zikapunguzwa kutoka 36 hivi kwa siku hadi 22. Mfereji unaohudumia biashara ya dunia unasubiri mvua kama shamba la mahindi. Kwangu hilo linaongeza ajabu, halipunguzi.

@2 Zimbabwe Kuu na iwe kwenye orodha ya waliotangulia, tena juu kabisa. Ila kisasa ni kisasa. Nipe cha Afrika cha baada ya 1900 kinachosimama mbele ya Panama.

MCHANGIAJI WA 2

Msikiti Mkuu wa Djenné, Mali.

Kabla hujacheka: jengo lililopo lilikamilika mwaka 1907. Ni la karne yako, tena limeutangulia mfereji wako. Ni la udongo, miongoni mwa majengo makubwa zaidi ya udongo duniani. Umesema kiwe kitu ambacho wa kale wasingekiweza, na hapo utanikamata, maana ufundi wake ni wa kale. Lakini tazama linavyoishi. Ukutani yamechomoza magogo ya mvumo, safu juu ya safu. Mgeni anadhani ni mapambo. Kila mwaka, udongo wa mtoni ukishakanyagwa na kuchanganywa na pumba za mpunga, vijana wanaparamia magogo hayo na vikapu, wanakandika jengo lote kwa mikono huku wanawake wakileta maji. Jukwaa la fundi limejengwa ndani ya jengo lenyewe! Nionyesheni ghorofa moja la vioo ambalo mji wake wote unajua kulitengeneza.

MCHANGIAJI WA 3

Hii sikuijua. Lakini udongo kushindana na mita 828, hapana.

MCHANGIAJI WA 1

@Mleta mada, hapo kigezo chako kimebanwa. Tarehe kimetimiza, "wa kale wasingeweza" hakijatimiza. Utakata lipi? Halafu ukumbuke miji ya kale ya Djenné iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2016, usalama ukiwa sababu mojawapo. Kwa kanuni yako ya kuvua cheo, mwaka ambao wenyeji watashindwa kukandika, wanavuliwa?

MLETA MADA

Nakata kile cha pili. Naweka badala yake: kiwe kimetatua tatizo lake kwa namna ambayo hakuna mwingine aliyelitatua. Djenné inaingia, na sanamu ya Rio pia inabaki, kwa ule uamuzi wa kufunika zege zima kwa vipande vidogo vya mawe ya sabuni ili mvua na jua la mlimani visilile. Mnara wa CN unatoka, sifa yake kubwa ilikuwa urefu na urefu umepitwa tangu 2007.

Kuhusu kuvua: anavuliwa aliyeharibu kwa hiari. Aliyezuiwa na bunduki kupanda ukutani havuliwi kitu. Dresden walijua daraja litaharibu mandhari ya bonde la Elbe, wakaonywa, wakalijenga.

MCHANGIAJI WA 1

Dresden walipiga kura ya maoni mwaka 2005, mkuu. Wakazi wenyewe ndio waliolichagua daraja. Kwa hiyo nakuuliza tena, kura ya wanaoishi pale ina uzito gani mbele ya orodha yako?