Naomba ushauri: kubana shingo tu au ganda zima kwa .308?

Wakuu habarini, naombeni msaada kwa mnaojaza risasi wenyewe. Bunduki ni .308 Winchester ya shabaha, maganda Lapua, vichwa Sierra MatchKing greni 175, baruti Varget. Nimekwama kwenye kubana ganda lililotumika lirudi kipimo kabla ya kulijaza tena: nikibana shingo tu (sehemu inayoshika kichwa cha risasi) ganda linabaki na umbo la chemba ya bunduki, safi, ila likishafyatuliwa mara kadhaa bolti inaanza kuwa nzito kufunga, wengine wanasema bana ganda zima, bega (pale ganda linapopungua kuelekea shingo) lirudi nyuma inchi 0.002 tu yaishe. Halafu bushingi (pete inayobana shingo), nichukue iliyo ndogo kwa inchi 0.002 kuliko shingo yenye kichwa ndani, au 0.003? Kipimo cha baruti nafuata kitabu, hapo sibahatishi. Na fataki za mechi (viwashio vya baruti vya daraja la mashindano), spidi ya risasi inatulia kweli au ni maneno tu?